Ndege Mgeni Asilale na Wenyeji

Wengi wetu hapa shuleni tuna njiwa au kuku nyumbani, nanyi wazee mliokwisha kumaliza masomo mna mabanda makubwa kuliko yetu. Kila likizo nasikia neno lile lile, kwetu Jinja na kwa mjomba Mbale: "Kuku wamekwisha." Wengine husema ni upepo, wengine ni jicho la jirani. Lakini ukiuliza vizuri, mara nyingi utaambiwa kwamba siku chache kabla ya hapo ndege mpya alinunuliwa sokoni, akatiwa bandani jioni ile ile.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa Newcastle, ulioitwa kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Wenzetu wa Tanzania huuita kideri au mdondo. Kuku huhema mdomo wazi, hunya kijani, pengine shingo hupinda, na banda zima laweza kwisha kwa siku chache. Dawa ya kuuponya hakuna. Njiwa nao wana aina yao ya ugonjwa huu, nao waweza kuwaambukiza kuku.

Hila yake ni kukawia. Tangu ndege aambukizwe mpaka aonekane mgonjwa hupita siku 2 hata 15, mara nyingi 5 au 6. Jogoo wa sokoni Mbale amekaa tenga moja na kuku wa vijiji vingi, kisha amefungwa miguu, akapita Tirinyi na Iganga juu ya gari, akafika Jinja akiwika. Kuwika kwake si cheti cha daktari.

Ndiyo maana yafaa karantini. Neno hili latokana na Kitaliano, na maana yake ni siku arobaini, kwa kuwa zamani huko Venice meli zilizotoka penye tauni zilingojeshwa muda huo. Kwa ndege, siku 30 zatosha.

Likizo iliyopita mjomba alinipa jozi ya njiwa. Niliwaweka nyuma ya jiko, mbali na banda, na mama akacheka: "Mwanangu, wageni wako umewafunga jela?" Siku ya tisa jike alianza kunywa maji kupita kiasi na kuzungusha kichwa, na siku ya kumi na mbili akafa. Nilimzika ndani sana, mbwa wasimfukue. Dume hakuugua, lakini nilimwanzia hesabu upya. Njiwa wangu kumi na wawili wa zamani hawakuguswa.

Lakini kutenga peke yake hakufai kitu ikiwa mikono na viatu vyako vyatembea huku na huko. Lisha wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha unawe kwa sabuni. Mgeni awe na kopo lake la maji. Vyombo visuguliwe kwa sabuni kabla ya kutiwa dawa ya klorini, maana uchafu huidhoofisha dawa hiyo, kisha vianikwe juani. Kabla ya kufagia kinyesi, kinyunyizie maji: vumbi la kinyesi cha njiwa au kasuku laweza kumletea mtu homa na ugonjwa wa mapafu.

Sisi tukaao karibu na ziwa tusiokote ndege wa porini waliokufa. Januari 2017 mafua ya ndege yaliua ndege wa porini ufukoni karibu na Entebbe, na bata na kuku huko Masaka. Kenya ikazuia kuku na mayai yetu, hata wafugaji ambao mabanda yao hayakuwa na ugonjwa wakakosa soko.

Chanjo ya Newcastle ipo. Iko ya matone: tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Mwulizeni bwana mifugo wa mahali penu. Kuku aliyekwisha kuambukizwa haponi kwa chanjo, nayo huchukua wiki moja au mbili kumpa kinga mzima; basi mgeni achanjwe mapema, akiwa bado peke yake.