Kikundi cha Kuacha Pombe: Usharika Uanzie Wapi?



Swali linaloulizwa mara nyingi na kamati za diakonia ni hili: "Tunaye ndugu anayetaka kuacha pombe. Tumpeleke wapi?" Katika sharika nyingi tumezoea njia mbili, yaani kumwombea na kumweka chini ya nidhamu ya kanisa. Maombi hayana mbadala. Lakini ndugu huyo akitoka ibadani, njia ya kwenda kwake inapita vilabuni, na huko ndiko waliko marafiki zake wote. Anahitaji watu wengine wa kukaa nao, hasa wale waliopita njia hiyo hiyo. Hiyo ndiyo kazi ya kikundi.

Chanzo cha vikundi hivi

Mwaka 1877 mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha Msalaba wa Bluu huko Geneva, Uswisi, kuwasaidia walevi na familia zao. Mwaka 1935 Bill Wilson, Mmarekani aliyekuwa na miezi michache tu bila kunywa, alikwama mjini Akron baada ya biashara yake kushindikana. Tamaa ya kunywa ilipomjia, alimpigia simu mchungaji wa mji ule, akiomba kuunganishwa na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo alikutanishwa na daktari Bob Smith, na wawili hao wakaanzisha Alcoholics Anonymous (AA). Mchungaji yule hakuwa na mradi wala bajeti. Alipokea simu na kuwaunganisha watu.

Hospitali kwanza

Jambo hili tunaomba lisomwe katika kila kamati. Mtu anayekunywa sana kila siku, na hasa anayezimua asubuhi ili mikono isitetemeke, asiache ghafla bila mganga kujua. Katika siku 3 au 4 za kwanza anaweza kupata jasho, kutetemeka, degedege, kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaweza kuua. Wapo wanaodhani ni mapepo na kumfungia mgonjwa chumbani kwa maombi. Mpelekeni hospitali, kwa kuwa dawa zipo, kisha muombe mkiwa kando ya kitanda chake. Kikundi huja baada ya hapo.

Mahali pa kuuliza

1. Kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya wilaya, mkoa au rufaa. Wauguzi wa kitengo hicho mara nyingi wanawafahamu walioacha.
2. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ulizeni pia kuhusu nyumba za upataji nafuu, gharama zake, na kama zimesajiliwa.
3. AA. Mikutano yake hupatikana zaidi mijini, lakini ipo pia inayofanyika kwa simu na intaneti.
4. Sharika jirani, parokia na madhehebu mengine. Tusione aibu kumpeleka Mlutheri kwenye kikundi cha wenzetu.

Kabla ya kumpeleka mtu, mjumbe mmoja aende kuuliza. Kikundi kizuri hutunza siri, hukutana siku ile ile kila wiki, hakimfukuzi aliyeanguka, wala hakimkatazi mtu dawa za hospitali. AA haitozi ada, na sharti lake la uanachama ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Anayedai fedha nyingi na kuahidi kuponya kwa siku chache aepukwe.

Kama hakuna kikundi karibu

Watu wawili au watatu wanatosha kuanza. Usharika utoe chumba chenye mlango unaofungwa, mbali na macho ya wapita njia. Kiongozi awe yule aliyeacha pombe, na mzee wa kanisa asikalie kiti hicho. Yasemwayo humo yasifike kwenye baraza la wazee, na mtu asilazimishwe kutoa ushuhuda madhabahuni. Akina mama wapewe siku yao, maana mama anayekunywa hufichwa zaidi. Wake, waume na watoto nao wana mzigo wao. AA ilipata mwenzake wa familia, Al-Anon, mwaka 1951. Wachungaji pia wafikirie kuwapa walioacha maji ya zabibu yasiyo na kilevi katika Chakula cha Bwana.

Kwa wafadhili wetu

Kazi hii haihitaji jengo. Mahitaji yake ni nauli ya kwenda hospitali, dawa za siku za mwanzo, chai, na mafunzo kwa viongozi wa vikundi. Tunawaomba msitupime kwa idadi ya "waliopona" kila robo mwaka. Kuanguka na kurudi ni jambo la kawaida katika safari hii, na takwimu za haraka zinaweza kutushawishi kuwaficha walioanguka. Tuulizeni kama kikundi kilikutana kila wiki, na kama aliyeanguka alipokelewa aliporudi.

Kabla ya robo mwaka ijayo, kila kamati imteue mjumbe mmoja wa kutembelea hospitali na ofisi ya ustawi wa jamii, kisha iandike majina ya mahali pa kumpeleka mtu na kuyahifadhi ofisini. Ndugu akija Jumapili jioni akisema yuko tayari, jibu liwepo usiku huo huo. Kesho yake huenda asirudi kuuliza.