Mpingo, Mti Usio na Haraka

Wengi wenu mmeona vinyago vya Wamakonde, lakini ni wachache waujuao mti wenyewe. Kwa hiyo nataka kueleza kwa kifupi habari za mpingo, ambao kwa Kireno huitwa pau-preto, yaani mti mweusi.

Mpingo humea katika misitu mikavu ya kwetu Cabo Delgado, na pia ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Lindi na Kilwa. Kwa sura si mti wa fahari. Mara nyingi haupiti mita 15, shina lake limepinda, na vitawi vyake vina miiba. Mgeni aweza kupita asiutazame mara ya pili. Lakini ukiukata, chini ya gome waona ukanda mwembamba mweupe, na ndani yake kiini cheusi kama kaa. Kiini hicho ndicho mali.

Sifa yake ya kwanza ni uzito. Mita moja ya ujazo ya kiini hupata kilo 1,200 hivi, na maji ya kadiri hiyo ni kilo 1,000 tu. Basi mpingo huzama. Jambo hili lafaa kujulikana na kila mnunuzi wa vinyago, kwani wako wajanja wapakao dawa ya viatu juu ya mti mwepesi. Kwangua kidogo chini ya kinyago, kisha kitie majini. Kiini cha mpingo ni cheusi hata ndani, wala hakielei.

Sifa ya pili ni ugumu. Nyuzi zake zimeshikamana sana, nao una mafuta, kwa hiyo haunywi unyevu upesi. Ndiyo sababu mafundi wa Ulaya huutumia kwa zumari ziitwazo klarineti na obo: pumzi ya mpigaji haiuharibu upesi, na tundu lililotobolewa hukaa na kipimo chake. Lakini hauna budi kukaushwa polepole, na ncha zake kupakwa nta, ama sivyo utapasuka.

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Mueda, huuchonga kwa tezo, patasi na tupa. Nilipokuwa na miaka 10 nilikata mpingo mchanga karibu na Palma nipate fimbo ya kuchungia mbuzi. Babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, mti huu ungekomaa lini?" Nikajibu, labda miaka kumi. Akatikisa kichwa. Mpingo hutaka miaka 70 hata 100 kabla ya kufaa kwa mbao. "Basi," akasema, "hukunikosea mimi. Umemkosea mjukuu wako."

Sheria ziko. Tangu Januari 2017 Msumbiji imekataza kupeleka magogo nje ya nchi, na mwaka huo huo ukoo wote wa mpingo ulitiwa katika mapatano ya CITES, ili biashara baina ya mataifa iwe kwa kibali. Huko Kilwa, kijiji cha Kikole kilipata mwaka 2009 cheti cha FSC cha kutunza msitu wake vizuri. Lakini sheria haizimi moto wa nyika. Mpingo mkubwa huuvumilia, mche huungua.

Machi 2021 tuliikimbia Palma kwa ajili ya vita. Tuliporudi nilikwenda kukitazama kisiki changu. Kilikuwa kimechipua machipukizi matatu! Babu akanionyesha kuacha moja lililonyooka, na kufyeka nyasi kulizunguka.

Ndugu wanafunzi, nanyi mliomaliza zamani na sasa mna mashamba, mkikuta mche wa mpingo fanyeni vivyo hivyo. Ni kazi ya nusu saa kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea. Hatutauvuna sisi, lakini hata huo tuukatao leo hatukuulea sisi.