Fila za Uso: Gawanya Bei kwa Miezi

Kliniki nyingi hutaja bei ya fila (kijazio kinachochomwa chini ya ngozi) kwa bomba moja la sindano. Marekani, bomba la mililita 1 mara nyingi ni kati ya dola 600 na 1,000. Mililita 1 haifiki hata robo ya kijiko cha chai, na mashavu yaliyobonyea huenda yakahitaji zaidi ya bomba moja. Kwa hiyo uliza mambo matatu: mabomba mangapi, miezi mingapi, na ikienda vibaya inaondolewaje?

Asidi ya hayaluroniki (Restylane, Juvéderm) ndiyo inayotumika zaidi. Kwa kawaida hukaa miezi 6 hadi 18; midomoni huisha mapema, mashavuni hudumu zaidi. Sifa yake kubwa ni kwamba daktari anaweza kuiyeyusha kwa kimeng'enya, hayaluronidesi.

Kalsiamu haidroksilapataiti (Radiesse) ni nzito zaidi na hufaa mikunjo mirefu ya kando ya mdomo. Hukaa takriban mwaka, pengine zaidi, lakini haina kiyeyushi chake, na haifai midomoni.

Asidi ya poli-L-laktiki (Sculptra) haijazi papo hapo. Huuchochea mwili utengeneze kolajeni (protini ya ngozi) yake wenyewe. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu mwaka 2004 kwa watu wenye VVU waliopoteza mafuta ya usoni, kisha mwaka 2009 kwa urembo. Huchomwa kwa awamu kadhaa na huweza kudumu miaka 2.

PMMA (Bellafill) ni chembe za plastiki ndani ya kolajeni ya ng'ombe. Kolajeni hunyonywa na mwili, plastiki hubaki. Huenda kipimo cha mzio kikahitajika kwanza.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Bomba la hayaluroniki la dola 700 likikaa miezi 12, ni kama dola 58 kwa mwezi. Poli-L-laktiki ya awamu tatu, kila moja dola 900, ikikaa miezi 24, ni kama dola 112. Inayodumu zaidi si lazima iwe nafuu. PMMA huonekana nafuu ukihesabu miaka mingi, ila uso hubadilika na umri na plastiki haiondoki. Uvimbe ukitokea, huenda ukahitaji kisu.

Fila yoyote ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kuua ngozi, hata kupofusha. Kataa silikoni ya maji ya kuchomwa usoni, na kalamu za kujidunga nyumbani bila sindano ambazo FDA ilitahadharisha dhidi yake mwaka 2021.

Kwa anayeanza, hayaluroniki ndiyo chaguo bora, kwa mikono ya daktari mwenye leseni aliye na hayaluronidesi hapo hapo kliniki. Asipokuwa nayo, usikubali kuchomwa.