Tusiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia: Adapta za Waifai na Kompyuta za Linux

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kidude kidogo, aghalabu hakizidi ukubwa wa kidole gumba, lakini kimekula fedha za watu wengi bila kuwapa walichokitaka. Nazungumzia adapta ya waifai ya USB, kile kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta ili inase mtandao bila waya.

Jambo hili limekuja kwa wakati wake. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai prosesa za miaka ya karibuni na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kompyuta nyingi katika shule zetu, ofisi zetu ndogo na maduka ya kuchapa barua ni za mitumba. Nguvu ya kufanya kazi bado zinayo, ila masharti hayo haziyawezi. Ndiyo maana watu wengi wanaziwekea Linux, na wanafanya jambo la busara. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Matoleo yake mengi hutolewa bure, na kompyuta kuukuu hupata nayo maisha mapya.

Taabu huanza pale kompyuta hiyo inapotakiwa iingie kwenye intaneti. Nyingi za mezani hazina waifai ndani yake, hivyo mtu hukimbilia dukani kununua adapta.

Mwalimu mmoja wa sekondari ameniandikia barua juu ya mkasa huo. Shule yake ilipata kompyuta kumi na mbili za mezani, wakaziwekea Linux, na wazazi wakachanga fedha za adapta kumi na mbili. Boksi zilikuwa na picha nzuri na maneno makubwa juu ya kasi. Zilipochomekwa, taa hazikuwaka wala orodha ya mitandao haikutokea. Walipozirudisha, muuzaji alishikilia kwamba adapta ni nzima, kwa hiyo wakanunue Windows au wakae nazo. Mwalimu anauliza: je, fedha za wazazi ndiyo zimepotea?

Ndugu msikilizaji, ili kumjibu mwalimu huyu ni lazima tuelewe kwanza kinachotendeka pale adapta inapochomekwa. Kompyuta na adapta ni kama watu wawili wa lugha mbili tofauti. Wanahitaji mkalimani, na mkalimani huyo ni programu ambayo mafundi huiita draiva. Kwenye Windows, mkalimani huletwa na kiwanda chenyewe, ama kwa diski iliyomo ndani ya boksi ama kwa njia ya intaneti. Kwenye Linux, wakalimani wengi wanaishi ndani ya kiini cha mfumo wenyewe, kiitwacho keneli. Kama mkalimani wa adapta yako yumo humo, unachomeka na kazi inaanza bila diski. Kama hayumo, adapta inaweza kuwa nzima kabisa na isiseme lolote.

Sasa, mkalimani anajulikanaje? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Draiva haijali jina la kampuni lililochapwa kwenye boksi, wala haijali urefu wa antena. Inajali chipu iliyomo ndani. Watengenezaji wa chipu hizo ni wachache. Wakubwa ni Realtek. MediaTek, iliyoinunua Ralink mwaka 2011. Na Qualcomm, ambayo mwaka huo huo iliinunua Atheros. Makampuni mengine hununua chipu hizo, huzivika maganda na kuzipa majina chungu nzima.

Nitoe mfano unaojulikana sana kwa mafundi. Kampuni ya TP-Link ilitoa adapta iitwayo TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo draiva yake imo katika keneli ya Linux tangu mwaka 2010. Watu wa Linux waliisifu, na sifa zikaenea. Kisha yakaja matoleo ya pili na ya tatu, jina ni lile lile, lakini ndani mna chipu nyingine kabisa, Realtek RTL8188EUS. Aliyenunua kwa kusikia sifa za toleo la kwanza alijikuta na kitu kingine. Alama pekee ilikuwa maandishi madogo ya toleo, V2 au V3. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama muuzaji mwenyewe hakukusudia, maana naye aghalabu hajui kilichomo.

Kuna njia ya kulifungua gunia hilo. Chomeka adapta kwenye kompyuta ya Linux, fungua dirisha la kuandikia amri, andika herufi tano: l, s, u, s, b. Kisha bonyeza Enter. Kompyuta itakuorodheshea vifaa vyote vya USB, na kila kimoja kina namba yake ya sehemu mbili, zimetenganishwa na nukta mbili. Sehemu ya kwanza hutaja kampuni, ya pili hutaja kifaa. Kwa mfano, 0cf3:9271 ni ile Atheros niliyoitaja. Ukiwa na namba hiyo, fundi yeyote aliye makini anaweza kukuambia chipu ni ipi na kama draiva yake imo katika keneli yako.

Nilimwomba mwalimu afanye hivyo aniletee namba. Ilikuwa 0bda:1a2b. Namba hiyo ilieleza mengi. 0bda ni Realtek, na 1a2b maana yake adapta inajifanya diski. Naam, diski! Viwanda vingine huweka draiva ya Windows ndani ya adapta yenyewe, na adapta ikichomekwa hujitokeza kwanza kama CD ili Windows iisome. Modemu za intaneti za makampuni ya simu zilikuwa na ujanja huo huo. Kwenye Linux ipo programu ndogo iitwayo usb_modeswitch ambayo kazi yake ni kuiamuru adapta iache kujifanya diski, iwe adapta. Mara nyingine hata kuitoa hiyo CD ya bandia, kama unavyotoa flashi kabla ya kuichomoa, hutosha.

Walipofanya hivyo, namba ikabadilika kuwa 0bda:c811, yaani chipu ya Realtek RTL8811CU. Kumbe kilichobaki ni umri wa Linux yao. Kwa miaka mingi, draiva za chipu nyingi za Realtek za USB hazikuwamo katika keneli, na mtu alilazimika kuzitafuta kwa watu wengine na kuzijenga mwenyewe. Mwaka 2023 keneli toleo la 6.2 lilipotoka, draiva za kadhaa kati ya hizo ziliingizwa ndani, pamoja na za ukoo huo wa adapta za mwalimu. Linux ya shule ilikuwa ya kabla ya hapo. Waliweka toleo jipya, na adapta zote kumi na mbili zikanasa mtandao. Fedha za wazazi hazikupotea, na Windows haikununuliwa.

Lakini mtu atauliza, toleo jipya litapakuliwaje wakati intaneti yenyewe ndiyo inayotafutwa? Jibu limo mfukoni mwako. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, kisha katika mipangilio ya simu washa huduma ya kugawa intaneti kwa USB. Hakikisha waya unapitisha data, maana baadhi hupitisha umeme tu. Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao. Bando litaliwa, lakini kazi itakwisha.

Nataka pia kutoa tahadhari juu ya zile draiva za kujijengea. Zinafanya kazi, na waliozitunza kwa kujitolea wanastahili shukrani. Lakini keneli inapobadilishwa, draiva hiyo lazima ijengwe upya. Ipo programu iitwayo DKMS ya kuifanya kazi hiyo yenyewe, ila kuna siku nayo hushindwa, na asubuhi mtandao haupo. Tena, kompyuta iliyowashwa ulinzi wa Secure Boot huikataa draiva isiyo na saini inayoiamini. Kwa fundi hayo ni mambo ya nusu saa. Kwa shule iliyo mbali na mjini, ni chumba cha kompyuta kufungwa hadi fundi apatikane.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanunuzi, hasa wanaonunua kwa fedha za watu wengi, ni huu. Kwanza, usiulize kama adapta inakubali Linux. Uliza chipu yake ni ipi. Ukiambiwa MediaTek MT7612U, draiva yake imo katika keneli tangu mwaka 2018. MT7921U imo tangu mwaka 2022. Pili, nunua moja kwanza, ijaribu kwenye kompyuta ile ile itakayotumika, ndipo ununue nyingine, na hakikisha zote ni za toleo hilo hilo. Tatu, mwombe muuzaji aandike jina la chipu kwenye risiti. Akikuletea yenye chipu nyingine, una haki ya kuirudisha, na karatasi itakusemea.

Adapta ikishafanya kazi lakini mtandao ukawa dhaifu, usikimbilie kununua nyingine. Matundu ya USB 3 na vifaa vyake hutoa kelele za redio zinazovuruga waifai ya masafa ya 2.4 GHz. Waya mfupi wa kurefushia, unaoiweka adapta mbali kidogo na mgongo wa kompyuta, aghalabu huondoa adha hiyo.

Ndugu msikilizaji, kamati za shule na ofisi za umma huandika katika zabuni zao idadi ya adapta na bei, basi. Waongeze neno moja tu, jina la chipu. Neno hilo haliongezi gharama yoyote, nalo litawafanya wauzaji wetu nao wajue wanachouza.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, panapo majaaliwa.