Fahamu: Upasuaji wa bawasiri na siku za kupona

Bawasiri nyingi hazihitaji kisu. Ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa, na mara nyingi hutulia kwa maji, vyakula vyenye nyuzinyuzi na kuacha kujikamua chooni. Hupasuliwa hasa zile zinazotokeza nje zisirudi, au zinazotoa damu kila mara.

Utachomwa ganzi ya mgongoni au kupewa nusu kaputi, na wengi huruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Maumivu ni makali, hasa wiki ya kwanza, na choo cha kwanza ndicho kinachoogopwa zaidi. Usikizuie, kikikauka kitaumiza zaidi. Meza dawa za maumivu na za kulainisha choo ulizoandikiwa, kalia beseni la maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, na epuka bodaboda kwa muda. Kidonda hupona kwa takriban wiki nne hadi sita.

Chakula pia husaidia kulainisha choo. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa, hivyo nyuzinyuzi za mahindi hayo ni chache. Ongeza ndengu, mbaazi, sukuma wiki na maembe, vyakula ambavyo kaunti za Kitui na Makueni zinavijua vyema.

Damu nyingi, homa au kushindwa kukojoa ni sababu ya kurudi hospitalini mara moja. Na kama unatokwa damu na hujapimwa, usinyamaze kwa aibu: saratani ya utumbo mpana pia huweza kuanza hivyo. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui mjini au Wote kule Makueni, ukachunguzwe.