Kumwandika Mtu Kazi ni Kuandika Kweli

Mkulima, kama shamba lako lilikatwa katika mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka wa 1962, kumbuka jambo moja. Kabla ya mipaka kupimwa, wengi wa wazee wetu walilima ardhi hiyo hiyo wakiwa vibarua wa walowezi. Baadhi yao walivaa kipande shingoni, na kazi yao ilihesabiwa kwa tiketi ya siku 30. Leo tajiri ni wewe. Hata ukiwa na ng'ombe watatu tu na mtu mmoja wa kukama, mbele ya sheria wewe ni tajiri kamili.

Wengi wetu huandika watu kwa mdomo. Tuseme umemkuta kijana sokoni siku ya mnada, mkapatana mshahara, chakula na chumba. Miezi minane baadaye mnagombana. Wewe wasema maziwa aliyokunywa yalikuwa sehemu ya mshahara. Yeye asema hamkupatana hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yataka mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi yaandikwe, na kazi ya kuyaandika ni yako. Kesi ikifika kortini nawe huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlivyopatana utakuwa juu yako, wala si juu ya mkamaji.

Usidhani utaponea kwa kumwita kibarua wa siku. Akikufanyia kazi mwezi mzima mfululizo, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Hapo ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na akimaliza mwaka, likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo. Ukitaka kumwachisha, mpe notisi ya siku 28. Kiwango cha chini cha mshahara wa kazi ya shamba hutangazwa na Serikali; kiulize katika Ofisi ya Kazi iliyo karibu nawe kabla ya kupatana, si baada ya kugombana.

Karatasi yenyewe si kitu cha kutisha. Andika majina yenu, kazi atakayofanya, saa zake, mshahara na siku ya kulipwa, mahali pa kulala, na siku aliyoanza. Kama hajui kusoma, msomee kwa lugha anayoielewa, kisha atie kidole.

Sasa habari ya ujuzi, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mkamaji asiyefundishwa hatazami maziwa ya kwanza katika kikombe cheusi, hivyo haoni mabonge ya ugonjwa wa kiwele mpaka chuchu imekwisha haribika. Wewe hulaumu ng'ombe, au hulaumu kijana, na hali hakuna aliyemwonyesha. Mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba habari za vituo vya mafunzo ya wakulima, vile ambavyo wazee bado huviita FTC. Siku hizi viko chini ya serikali za kaunti. Kwa mambo ya maziwa hasa kuna chuo cha Naivasha. Wengine huogopa kwamba mtu akifundishwa atahamia kwa jirani. Huenda akahama kweli. Lakini asiyejua kitu akikaa miaka mitano, hasara yake hukaa naye.

Pengine nyumbani kwako yuko pia kijana anayetafuta kazi, kwa kuwa ekari zako hazitoshi kugawiwa wana wote. Kama amejifunza useremala, uashi au ufundi wa magari kwa kumtazama fundi tu, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Serikali unaosimamiwa na NITA. Huanza daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza, na cheti hicho humsaidia mbele ya tajiri asiyemjua. Kwa kutafuta kazi yenyewe, iko Mamlaka ya Taifa ya Ajira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, ambayo huandikisha wanaotafuta kazi. Wakala akija na ahadi ya kazi ya ng'ambo na kutaka fedha mkononi, kwanza uliza huko kama ameandikishwa.

Mapatano na mkamaji wako yaandikeni nakala mbili. Moja ibaki kwake, nyingine itie ndani ya debe lenye kifuniko, pamoja na karatasi za shamba, panya wasiifikie.