Simu Janja Yafupisha Safari ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kutoka Manda Hadi Njombe

Na Mwandishi Wetu, Njombe

Barabara inayotoka Itoni, jirani na mji wa Njombe, kupitia Ludewa hadi Manda katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ina urefu wa takriban kilometa 211. Sehemu yake ya Lusitu hadi Mawengi, yenye kilometa 50, imejengwa kwa zege, na kila aliyewahi kupita huko wakati wa masika anaelewa umuhimu wa zege hilo. Kwa mwalimu, muuguzi au afisa ugani aliyeajiriwa Manda na anayesomea shahada katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, hii ndiyo njia ya kufikia Kituo cha Mkoa wa Njombe cha chuo hicho. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilometa 420. Juu ya nauli kuna malazi, chakula na ruhusa ya mwajiri, ambayo haipatikani kila mtu anapoihitaji.

Swali la matumizi ya simu za mkononi na vishikwambi katika masomo ya elimu ya juu, linalozungumzwa sana katika kumbi za mikutano, huko Manda lina sura ya kawaida kabisa: ni safari ngapi kati ya hizo ambazo simu inaweza kuziondoa? Jibu fupi ni kwamba inaweza kuondoa nyingi, lakini si zote. Na idadi yake haitegemei sana ubora wa simu ya mwanafunzi. Inategemea zaidi namna mhadhiri alivyoliandaa somo kabla ya kulipeleka mtandaoni.

Kusoma ukiwa mbali na mwalimu si jambo geni nchini. Tangu miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imekuwa ikitoa masomo kwa njia ya posta, na watumishi wengi wa umma walipandia daraja kwa bahasha zilizokuwa zikisafiri kwa basi, kwa treni na kwa meli. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi rasmi Machi 1993, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994. Msingi wake ulikuwa vitabu vya masomo vilivyochapishwa na vituo vya mikoa ambako mwanafunzi angekutana na wahadhiri, kusoma maktaba na kufanya mitihani. Utaratibu huo ulifungua mlango kwa maelfu ya watu ambao wasingeweza kuacha kazi na familia kwenda kukaa bwenini. Hata hivyo, kitabu kilichochelewa kilichelewesha muhula, na swali lililoulizwa kwa barua lilisubiri jibu kwa majuma.

Leo masomo hayo yanapatikana katika mfumo wa kielektroniki unaotumia Moodle, programu huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na inayotumiwa pia na vyuo vikuu vingine nchini. Mwanafunzi huingia humo kwa namba yake ya usajili, akasoma mada, akawasilisha kazi na kujadiliana na wenzake. Ada hulipwa kwa simu kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Jambo hili halitajwi sana tunapozungumzia elimu, lakini kwa mtu aliye mbali na benki limeokoa siku nzima ya safari kila muhula.

Kifaa nacho si kikwazo kikubwa kama kilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu wa shule za Serikali kwa ajili ya kazi za kufundishia. Mwalimu aliyezoea kuandaa somo la darasa lake kwa kishikwambi hahitaji kufundishwa upya namna ya kupakua mada zake za chuo kikuu kwa simu yake mwenyewe. Kwa upande wa umeme, njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, pamoja na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, imepunguza ile adha ya kupeleka simu kuchajiwa dukani na kuifuata jioni.

Mawasiliano yenyewe ndiyo yenye mazungumzo marefu. Njombe mjini upo zaidi ya meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa upo karibu meta 475. Kati yake kuna safu ya Milima ya Livingstone inayoshuka kwa ukali hadi ziwani. Mawimbi ya simu husafiri vizuri pale ambapo hakuna kizuizi kati ya mnara na kifaa, hivyo mlima mmoja unatosha kuacha kijiji kizima kwenye kivuli, hata kama mnara hauko mbali kwa kupima kwenye ramani. Ndiyo maana katika maeneo ya aina hii watu huwa na sehemu zao maalumu za kupigia simu: penye kichuguu fulani, chini ya mwembe fulani, au ufukweni.

Maeneo kama haya hayavutii sana mtaji wa kampuni za simu, kwa sababu gharama ya mnara ni kubwa na wateja ni wachache. Serikali iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006 ili kuziba pengo hilo kwa kuchangia gharama za ujenzi. Mei 13, 2023, jijini Dodoma, mfuko huo ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kwa mwanafunzi, mnara mpya una maana mbili tofauti ambazo ni vyema zisichanganywe. Upo mnara unaowezesha kupiga simu na kutuma ujumbe, na upo unaobeba intaneti ya kasi. Mtu anaweza kuona alama za mtandao zimejaa kwenye kioo cha simu yake na bado ukurasa wa chuo usifunguke.

Hapo ndipo kazi ya mhadhiri inapoanza kuonekana. Tuchukue mfano wa mhadhara wa saa moja. Ukirekodiwa kwa video ya ubora wa wastani, wa kilobiti 700 kwa sekunde, faili lake linafikia megabaiti 315. Ukirekodiwa kwa sauti pekee, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, kiwango ambacho maneno ya mzungumzaji husikika vizuri, faili linakuwa na megabaiti 14 na nusu hivi. Somo lenye mihadhara 12 litahitaji karibu gigabaiti 3.8 kwa njia ya kwanza na takriban megabaiti 173 kwa njia ya pili. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 20, na anayeilipa ni mwanafunzi, kutoka kwenye mshahara uleule unaosomesha watoto wake. Asiyekuwa na fedha ya bando kubwa hatalalamika kwa mtu. Ataacha tu kusikiliza mihadhara, na matokeo ya mtihani yatasomeka kana kwamba hakuwa na bidii.

Maandishi yana mtego wake pia. Kurasa 40 zilizochapwa kwa kompyuta na kuhifadhiwa kama faili la PDF kwa kawaida hazifiki hata megabaiti moja. Kurasa hizohizo zikipigwa picha kwa simu, moja baada ya nyingine, zinaweza kuvuka megabaiti 80, na bado mwanafunzi hawezi kutafuta neno ndani yake wala kukuza herufi bila kulazimika kuvuta ukurasa kulia na kushoto. Anayepiga picha hizo ana nia njema, hilo halina shaka. Lakini dakika chache alizookoa zinakuwa saa nyingi za kusubiri kwa wanafunzi walio mwambao.

Kwa bahati nzuri, dawa kubwa ya tatizo hili haihitaji fedha mpya. Moodle ina programu tumizi ya simu inayomruhusu mwanafunzi kupakua mada nzima anapokuwa mahali penye mtandao, kisha akaisoma siku kadhaa bila intaneti. Anaweza kuandika rasimu ya kazi yake na kuihifadhi ndani ya simu, na maelezo aliyoandika yakapanda yenyewe kwenye mfumo atakapofika penye mawimbi. Hata baadhi ya majaribio yanaweza kufanywa bila mtandao, ila kwa sharti kwamba mhadhiri ameruhusu hivyo katika mipangilio. Jaribio lililowekewa ukomo wa dakika haliwezi kufanywa kwa njia hiyo, kwani mfumo unahitaji kuwa hewani ili kuhesabu muda. Mhadhiri wa Dar es Salaam anayeweka jaribio la dakika 30, lifunguliwe saa mbili usiku na kufungwa saa mbili na nusu, huenda hajui kwamba amewapima baadhi ya wanafunzi wake kwa nguvu ya mnara na si kwa uelewa wa somo. Akiliacha wazi kwa siku tatu, bila ukomo wa dakika, na kubadilisha maswali yawe ya kufikiri badala ya kukariri, atapata kipimo kilicho sawa kwa wote.

Utafiti unaunga mkono mtazamo huu. Mwaka 2014 watafiti Joel Mtebe na Roope Raisamo walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusisha wanafunzi 823 wa taasisi tano za elimu ya juu Afrika Mashariki, kuhusu utayari wao wa kujifunza kwa simu. Urahisi wa kutumia, ushawishi wa watu wanaowazunguka na mazingira wezeshi vyote vilikuwa na uzito, lakini kilichotangulia ni matarajio ya mwanafunzi kwamba simu itamsaidia kufanya vizuri zaidi katika masomo. Kwa maneno mengine, wanafunzi hawavutwi na upya wa kifaa. Wanataka kuona faida, na wasipoiona huirudisha simu kwenye kazi zake za zamani.

Katika vyuo vya kawaida, vyenye madarasa na mabweni, suala hili lilikuja kwa ghafla. Machi 2020 vyuo vilifungwa kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19 na kufunguliwa tena Juni 1 mwaka huo. Miezi hiyo miwili na nusu ilionyesha wazi ni vyuo vipi vilikuwa na masomo yaliyo tayari kufundishwa kwa mbali na vipi vilikuwa na tovuti tu. Baadaye, mwaka 2022, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilitoa mwongozo wa ufundishaji kwa njia ya mtandao na kwa njia mseto, hatua inayovipa vyuo kipimo kimoja cha kujipima.

Upo pia mfumo usio rasmi, nao ni kundi la WhatsApp. Karibu kila darasa linalo, na mara nyingi ndilo linalojibu swali la usiku wa manane kuliko ofisi yoyote. Wanafunzi walio Lupingu, Manda na Makambako wanaweza kujadili swali moja kana kwamba wameketi meza moja, na hilo ni jambo la thamani kwa mtu anayesoma peke yake. Hatari yake inajulikana: tangazo la ratiba ya mitihani lisilo na tarehe wala jina la aliyelitoa, linalosambazwa mara mia kabla ya mtu mmoja kuuliza limetoka wapi. Kila mwanafunzi anashauriwa kuhakiki tarehe za mitihani na za mwisho wa kuwasilisha kazi katika tovuti ya chuo au kwa kupiga simu kituo cha mkoa. Safari ya kilometa 211 kwenda kwenye mtihani uliofanyika juzi ni hasara isiyorudishwa na kundi lolote.

Programu za akili unde nazo zimeingia katika simu hizohizo. Mwanafunzi anaweza kuzitumia kueleweshwa dhana ngumu au kujipima kwa maswali, lakini kuwasilisha andiko lililotungwa nazo kama kazi yake mwenyewe ni udanganyifu wa kitaaluma.

Yapo mambo ambayo simu haiyawezi, na ni haki mwanafunzi ayajue kabla ya kujisajili. Tasnifu ya kurasa mia moja haiandikwi kwa kidole gumba. Majedwali ya takwimu, marejeo na uhariri vinahitaji kompyuta, hata kama ni ya kuazima mwishoni mwa juma, hivyo ni busara kupanga mapema itapatikana wapi. Masomo ya sayansi yanadai maabara, na mazoezi ya vitendo hayafanyiki kwenye kioo. Mitihani ya mwisho hufanyika mbele ya wasimamizi, katika vituo vilivyoidhinishwa, mwanafunzi akiwa na kitambulisho chake.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Manda bado atasafiri kwenda Njombe, ila mara chache zaidi na kwa sababu nzito zaidi. Wanaojipanga vizuri huitumia safari hiyo kwa mengi kwa pamoja: hufanya mtihani, huonana na mratibu wa kituo, huazima vitabu, na kabla ya kupanda basi hupakua mada zote za muhula unaofuata wakiwa mjini, ambako mtandao una kasi. Faili zikiwa ndogo, kazi hiyo ya mwisho huchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Zikiwa kubwa, basi la Ludewa halimsubiri mtu.